Ripoti ya CAG Ikitoka, Kazi Ndiyo Imeanza

Kila Aprili Dodoma hujaa wageni. Wabunge wanarudi kwa ajili ya bajeti, gesti zinapandisha bei, na waandishi tunagombania viti vya mbele kwenye mikutano. Katikati ya pilikapilika hizo ndipo ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, inapotua bungeni, baada ya kukabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi. Kesho yake magazeti yote yana kichwa kilekile: mabilioni yametafunwa. Wiki ikiisha, kimya.

Hapo ndipo tunapojidanganya kwamba tumefanya uchunguzi. Tumenakili tu. Mkaguzi katupa ncha ya kamba, nasi tunaipiga picha badala ya kuivuta.

Utamu wa ripoti ile hauko kwenye hotuba, uko nyuma kabisa, kwenye viambatisho ambavyo hakuna anayetaka kuvisoma. Miaka kadhaa iliyopita niliokota humo mstari mmoja wa mradi wa maji katika wilaya jirani: mkandarasi kalipwa, kazi haijakamilika. Basi. Hakuna jina la kijiji wala la mtu. Ilinichukua wiki nzima ya kuulizauliza kukipata kijiji chenyewe, kisha basi la alfajiri, kisha bodaboda na vumbi lake.

"Mbukwenyi," nikasalimia. Kigogo changu kikaishia hapo hapo.

Bibi mmoja, aliyewahi kuwa mweka hazina wa kamati ya maji, alinisikiliza bila neno, akaingia ndani, akatoka na daftari lililofungwa kwa kitambaa cha kanga. Kila kaya ilikuwa na mstari wake: nani kachangia elfu mbili, nani kadaiwa, nani kaleta kuku badala ya pesa. Ukurasa wa mwisho aliandika siku lori liliposhusha mabomba na idadi yake, na chini yake, kwa kalamu nyingine, siku lori lilipokuja usiku kuyabeba tena.

"Nilijua ipo siku mtu atauliza, mwanangu."

Nilipiga picha kila ukurasa. Lakini daftari la bibi si hukumu. Nilizungumza na waliochimba mtaro, kila mmoja peke yake, kisha nikaandika barua kuomba nyaraka za malipo. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaipa ofisi siku 30 kujibu. Zikapita. Nikaandika tena, nikampigia mkandarasi mara sita, nikaweka kumbukumbu ya kila simu, maana anayetuhumiwa lazima apewe nafasi ya kusema hata kama haitaki.

Hofu ipo, sitajifanya shujaa. Mwandishi Daudi Mwangosi aliuawa akiwa kazini Nyololo, Iringa, Septemba 2012. Mwandishi mwingine, Azory Gwanda, hajaonekana tangu Novemba 2017 alipochukuliwa kule Kibiti. Hata hivyo, habari zangu nyingi hazikuuawa na vitisho. Ziliuawa na haraka ya mhariri anayetaka ukurasa ujae leo, na bahasha. Katika safari ile ile ofisa mmoja alininywesha chai vizuri tu, akanisukumia "nauli" chini ya sahani ya maandazi. Niliirudisha, naye akacheka kama mtu aliyeona ushamba wa mgeni. (Mwenzangu mmoja mpaka leo ananiambia nilikuwa mjinga, kwa kuwa nauli kweli sikuwa nayo.)

Habari ilichukua miezi miwili, ikatoka ukurasa wa ndani, chini ya tangazo la matrekta. Nikampelekea bibi nakala mwenyewe. Alivaa miwani, akafuata mistari kwa kidole, polepole, mpaka akasimama.

"Umeandika mabomba 46."

Akafungua kanga. Yalikuwa 64.