Chai ya Kutafuna

Jamani, tangu lini chai ikatafunwa?

Mimi najua chai ya rangi yenye mdalasini, najua chai ya maziwa, na kitafunwa kinakaa pembeni kwenye sahani yake: chapati, andazi, kitumbua, uchague mwenyewe. Sasa kuna watu wamechukua kitafunwa wakakizamisha humo humo ndani, wakaiita "bubble tea", wakaziba kikombe kwa nailoni kwa mashine, halafu unapewa mrija wenye ncha, mnene wa kupitisha njegere, utoboe mwenyewe. Elfu kumi na mbili, na kazi unafanya wewe!

Mpwa wangu ndiye aliyenipeleka. Dada wa kaunta akaniuliza, "Sukari asilimia ngapi?" Asilimia! Mimi asilimia nazijua za riba ya mkopo. Mama wa chai pale kijiweni hajawahi kunipigia hesabu, anamimina tu mpaka unasema basi. Nikamwambia aweke mia, si nimelipia? "Na barafu?" Kwetu chai ikipoa inarudishwa jikoni, huyu anaipoza makusudi.

Nikavuta mrija kwa nguvu zote. Gololi nyeusi zikaja kwa mkupuo, zikagonga kaakaa, moja ikataka kuelekea isikotakiwa.

"Mjomba, tafuna!"

"Nitafune chai?"

Nikatafuna. Laini lakini ina ubishi, inavutika, inateleza, na utamu wa sukari ya kahawia umeingia hadi ndani. Nikanyamaza. Mpwa akawa ananitazama huku anacheka. Nikamwambia atazame kikombe chake.

"Hivi ni vitu gani hivi?"

"Wanga wa muhogo, mjomba."

Hapo ndipo damu ilipopanda. Muhogo! Huu huu wa kuchoma wa Coco Beach, wenye kachumbari na pilipili? Ndio huo huo. Wanaukamua wanga, wanauviringisha, wanauchemsha, wanauloweka kwenye sukari. Wareno waliuleta huku kutoka Amerika ya Kusini karne na karne zilizopita, na sisi tumekaa nao: tumeupika kwa nazi wakati wa futari, tumeuanika makopa, tumeusonga ugali, majani tumetwanga kisamvu. Hakuna hata mmoja aliyewaza kuutia kwenye chai! Wakaja kuwaza watu wa Taiwan, miaka ya 1980, na leo tunauziwa sisi wenye mashamba.

Tena wenyewe waligombana. Kuna maduka mawili ya chai huko: Chun Shui Tang wa mji wa Taichung wanasema ni wao walioanza, Hanlin wa mji wa Tainan wanasema ni wao. Kesi ikaenda miaka 10, na mwaka 2019 mahakama ikasema hakuna mwenye hataza, kila mtu anaruhusiwa kutengeneza. Miaka 10 kwa ajili ya chai! Ila nimeshakunywa, nawaelewa.

Lakini kero yenyewe hasa ni hii: chai na gololi hazimaliziki kwa pamoja. Haijatokea. Ukivuta kwa pupa, chai imekwisha na gololi zimejazana chini, unabaki unazikimbiza na mrija kila kona, unainamisha kikombe, unakigonga, mrija unakoroma watu wote wageuke. Mtu mzima na ndevu zangu! Ukiamua kuanza na gololi, unabaki na chai tupu ya baridi, ambayo hata mgonjwa angeirudisha. Na moja lazima inate kwenye ukuta wa kikombe, haivutiki, haidondoki, inakuangalia tu. Elfu kumi na mbili yangu hiyo. Siiachi.

Basi nikampelekea mama watoto naye aonje. Akasema ameshiba, akaitia kwenye friji hadi kesho yake. Kumbe gololi hizi ni za kuliwa siku ile ile. Zikilala kwenye baridi wanga unakakamaa. Akatafuna, akaitoa mdomoni, akaiweka mezani.

"Baba Zuhura, umeniletea kokoto."

Nikamweleza habari ya wanga. Akasema kama ni hivyo, Jumamosi twende wote akale mbichi za siku hiyo hiyo. Hesabu imeshazidishwa mara mbili. Na tangu hapo ameshika simu ya Zuhura anapekua picha, amechagua kikombe kikubwa, tena anataka kile chenye povu la jibini juu.

Jibini! Kwenye chai! Na mshahara wenyewe haujatoka.