Jicho la korongo

Haji aliagiza kasha la mvule la kumpa bintiye siku ya harusi, na kwenye kifuniko akataka korongo wa bendera yetu ya Uganda, mguu mmoja juu. "Fundi, rangi sitaki. Nataka kila unyoya uwe mbao."

Kazi hiyo si ya kugongagonga misumari. Unachukua vinia, yaani ubao mwembamba kama karatasi, isiyofika hata milimita 1, ya musizi na ya mahogani, unazipandanisha na kuzikata pamoja kwa msumeno mwembamba ulioulaza kidogo, ili kipande cha moja kiingie kwenye tundu la nyingine bila mwanya. Ukitaka kivuli kwenye bawa, hushiki brashi. Unapasha moto mchanga laini kwenye kikaango, unachovya ukingo wa kipande sekunde chache, na kinatoka na hudhurungi inayofifia polepole kuelekea katikati.

Tatizo ni kwamba uani kwetu Kisenyi, kikaango cha mchanga juu ya sigiri kina maana moja tu: karanga. Watoto wakajaa. Nikawaonyesha kuwa ni mbao, mmoja akaonja kuhakikisha. Nyuma ya watoto wakaja kuku wa Hajati, mwenye nyumba wetu, maana wanajua penye watoto na karanga hapakosi za kudondoka.

Jicho la korongo lilikuwa limetulia juu ya stuli. Nililitoa kwenye pembe ya ng'ombe wa Ankole, pale weupe unapokutana na ncha nyeusi, likaja na mboni yake ya kuzaliwa. Nilipekua rundo zima la pembe machinjioni kabla ya kuipata hiyo, na tundu lake nilikwisha lichimba kwa patasi kwa kipimo chake. Lilikuwa na ukubwa wa punje ya hindi. Kuku naye aliona hivyo hivyo. Donoa, meza, kwaheri.

"Hajati, samahani, kuku wako amemeza jicho."

"Subhanallah! Jicho la nani?"

"La korongo."

"Umeua ndege wa serikali kwenye nyumba yangu?"

Tulipoelewana, likaja swali la pili: kuku yupi? Wote wekundu. Watoto wakatoa ushahidi, kila mtoto na kuku wake. Yule aliyeonja vinia akaapa ni mwenye mkia mfupi, nami nikamwamini, kwa kuwa ndiye pekee aliyeonyesha moyo wa utafiti.

Ikabaki bei. "Kuku si nyama tu, mwanangu," Hajati akaniambia, amekaa vizuri mkekani. "Ana mayai hajayataga. Mayai yana vifaranga. Vifaranga navyo vitataga." Nikaona ninauziwa ukoo. Mashauriano yakalala, tukachinja asubuhi.

Jirani akasoma bismillahi, Hajati akapasua firigisi mwenyewe. Humo ndimo kuku anamotunza changarawe za kusagia mahindi, kwa kuwa meno hana. Tukakuta changarawe, mahindi, na kifungo cheupe. Hajati akakiinua kwenye jua, akakisuuza. "Kumbe! Kifungo cha kanzu ya Mzee!" Akakifunga kwenye pindo la leso yake. Nikauliza kama thamani ya kifungo itapunguzwa kwenye bei ya kuku. Hakunisikia.

Ikabidi nimnunue na wa pili. Huyo ndiye. Jicho lilikuwa limekaa katikati ya kokoto, linanitazama, na wallahi lilikuwa linang'aa kuliko nilivyoliacha. Usiku kucha lilikuwa likisuguliwa. Nililiosha, nikalitia gundi, likaingia tundu lake kama lililoitwa kwa jina.

Haji alipofika alipitisha kidole kwenye mabawa, akaguna kwa kuridhika, kisha akainama hadi pua ikagusa kifuniko.

"Fundi, kazi yote nzuri, lakini hili jicho! Umetumia msasa namba ngapi?"

Sijafungua kinywa, Hajati akajibu kutoka mlangoni mwake:

"Msasa huo umekwisha, Haji. Tumeula na matoke."