Mhusika mdogo si kibarua wa mhusika mkuu

Mwandishi wa fantasia akitoa hadithi fupi wakati wasomaji wanasubiri riwaya, lawama huanza siku hiyohiyo. Ninawaelewa wanaolalamika. Patrick Rothfuss alitoa kitabu cha pili cha mfululizo wake, The Kingkiller Chronicle, mwaka 2011, na wengi tulikuwa tayari tunahesabu siku za cha tatu. Mwaka 2014 akatuletea kitabu chembamba, The Slow Regard of Silent Things, kinachomhusu Auri, msichana anayeishi peke yake kwenye mahandaki yaliyo chini ya Chuo Kikuu. Watu walitaka siri zifichuliwe na vita vianze, wakapewa msichana anayetafutia kila kitu mahali pake na kutengeneza sabuni. Rothfuss mwenyewe alilijua hilo, maana dibaji yake inaanza kwa kumwonya msomaji kwamba huenda asitake kukinunua.

Mimi nakipenda kitabu hicho, na sababu yangu ndiyo hoja ninayotaka kuitetea hapa. Auri katika riwaya kubwa ni mtu wa kupita. Anatokea usiku, anapokea zawadi, anasema maneno mawili matatu ya ajabu, kisha anapotea chini ya ardhi. Katika kitabu chake mwenyewe anamsubiri mgeni, na sisi tunamfahamu mgeni huyo vizuri kwa kuwa ndiye shujaa wa mfululizo mzima. Lakini kitabuni humo hatokei. Siku za Auri zimejaa bila yeye, zina kazi zake, hofu zake na sheria zake. Hadithi fupi ya mhusika mdogo inafaa kuandikwa pale tu inapompa mhusika huyo maisha ambayo mhusika mkuu hayajui. Ikiwa kazi yake ni kutuonyesha shujaa alilipata wapi kovu lake, au ule ufunguo wa sura ya ishirini ulitoka kwa nani, basi mhusika mdogo ameitwa tena kama kibarua, abebe mizigo ya tajiri yuleyule.

Hadithi za namna hiyo ni nyingi, na nyingi huandikwa kwa sababu jina la mfululizo linauza. Unamaliza kusoma ukiwa umepata habari moja mpya, na mtu mwenyewe humjui zaidi ya ulivyomjua jana.

Aliyefanya kazi hii vizuri kuliko wote, kwa maoni yangu, ni Ursula K. Le Guin, na visiwa vyake vya kubuni vya Earthsea ndivyo ningemwelekeza yeyote anayetaka kuona jambo hili linavyofanywa. Visiwa hivyo vilianza ndani ya hadithi fupi. Mwaka 1964, miaka minne kabla ya riwaya ya kwanza, A Wizard of Earthsea, alichapisha hadithi mbili katika jarida la Fantastic. Moja ni The Rule of Names. Katika kisiwa kidogo cha Sattins anaishi mganga mnene aitwaye Bwana Underhill, na uganga wake si wa kutegemewa. Siku moja anakuja mgeni anayedai hazina iliyoporwa kisiwani Pendor. Mgeni huyo amelichunguza jina la kweli la adui yake, na katika Earthsea anayelijua jina lako la kweli ana nguvu juu yako. Analitaja: Yevaud. Jina linafanya kazi, ila si vile alivyotarajia, kwa sababu linamrudisha Bwana Underhill kwenye umbo lake la kweli, na umbo hilo ni joka.

Riwaya ilipotoka mwaka 1968, Yevaud akapewa sura moja tu. Ged, kijana mganga ambaye ndiye mhusika mkuu, anakwenda Pendor kwa mashua ndogo, anabahatisha jina hilohilo kutokana na historia za majoka alizosoma, na joka linalazimika kuapa. Ni mojawapo ya sura kali za kitabu kile. Lakini aliyeanza na ile hadithi ya 1964 anamjua Yevaud kwa upande ambao Ged hakuuona hata siku moja, upande wa yule bwana mnene mwenye mlango wake kilimani, ambaye kijiji kizima kilimwona wa kawaida.

Hata hivyo, mfano wangu mkubwa ni Ogion. Waliosoma riwaya watamkumbuka kama mwalimu wa kwanza wa Ged, mzee mkimya wa Re Albi katika kisiwa cha Gont. Kuhusu sifa yake tunaambiwa kwa kupita tu kwamba ndiye aliyelituliza tetemeko la ardhi. Sentensi inapita, hadithi inaendelea, na kwa zaidi ya miaka 30 wasomaji walibaki na picha ya mzee mmoja mwenye nguvu aliyeuamuru mlima ukatulia.

Mwaka 2001 Le Guin akatoa Tales from Earthsea, kitabu cha hadithi tano, na mojawapo, The Bones of the Earth, inarudi kwenye siku ile. Cha kwanza kinachoshangaza ni kwamba Ogion si mwenye hadithi. Mwenye hadithi ni mwalimu wake, mzee aitwaye Dulse, jina lake la kweli Heleth, ambaye wengi wetu hatukuwahi kumfikiria. Tunamkuta mvua ikinyesha, mifupa inamuuma, anatamani sana kuiambia mvua ihamie upande wa pili wa mlima, na anajizuia. Ana kuku wa kuwaangalia. Anasimama uani peku, tope limemjaa katikati ya vidole vya miguu, na ni kupitia miguu hiyo ndipo anapohisi kwamba chini kabisa ya Gont kuna kitu kinajiandaa kuvunjika.

Ningependa kila anayeandika fantasia akisome kipande hicho cha tope na kuku. Hakuna radi wala kitabu cha kale kinachofunguka chenyewe. Uganga wote mkubwa wa hadithi ile unaanzia mahali ambapo mzee amesimama akihangaika na kazi za nyumbani. Humchukui kama alama ya kitu fulani. Unamchukua kama mtu, na baadaye unaumia kwa ajili yake.

Heleth anajua uganga mmoja unaoweza kulizuia tetemeko. Haukutoka Roke, ile shule kubwa ya uganga inayopokea wanaume peke yao. Aliupata kwa mwalimu wake Ard, na Ard alikuwa mwanamke, jambo ambalo mzee huyu hakuwa na mazoea ya kulitangaza. Kuutumia uganga huo ni kuingia ndani ya mlima na kutotoka tena, na Heleth anaingia. Ogion, aliyekuwa bado kijana, anasimama bandarini akiyashikilia majabali ya pande mbili za lango la bahari yasije yakafunga njia. Watu wa bandari wanamwona yeye, maana ndiye aliye mbele ya macho yao. Anawaambia kwamba aliyeushika mlima ni mwalimu wake. Wanamsifu kwa unyenyekevu wake, na jina linabaki lake.

Hebu fikiria mwandishi amefanya nini hapo. Ametoa hadithi ya pembeni kuhusu mhusika tunayempenda, na badala ya kumwongezea utukufu amempunguzia. Ile sifa tuliyoisoma katika riwaya ya 1968 ilikuwa nusu yake, na nusu nyingine ilikuwa ya mzee aliyesahaulika na ya mwanamke ambaye hakutajwa kabisa. Ukimrudia Ogion katika riwaya ya kwanza, ukimya wake una uzito mwingine. Hakuna aliyekuelekeza uutafsiri hivyo. Unajikuta tu unajua kwamba mtu huyu alijaribu kusema kweli na hakusikilizwa.

Hadithi nyingine katika kitabu hicho, On the High Marsh, inakwenda mbali zaidi. Katika kisiwa cha Semel, mjane aitwaye Emer anaishi na kaka yake mlevi. Anampokea mgeni aliyechakaa, mwenye akili zinazoyumba, anayesema anaweza kuwatibu ng'ombe wanaokufa kwa maradhi. Anawatibu kweli. Anawashika mmoja baada ya mwingine kule kwenye mabwawa, baridi ikimkata, hadi anakaribia kuanguka kwa uchovu. Baadaye mtu wa pili anabisha hodi kwa Emer. Anajiita Hawk, na msomaji anamtambua mara moja: ni Ged, wakati huo akiwa mkuu wa waganga wote, mtu ambaye riwaya tatu za mwanzo zinamzunguka. Hapa ni mgeni tu. Anakaa kando ya moto wa mjane na kumsimulia habari za yule tabibu wa ng'ombe, kwamba huko Roke aliwahi kutumia kipaji chake kutaka kuwatawala wenzake. Kisha uamuzi unabaki mikononi mwa tabibu na Emer. Ged anaondoka peke yake, na tabibu anabaki na ng'ombe wake.

Kwangu hiyo ndiyo hadithi bora ya aina hii niliyowahi kusoma. Shujaa amekuwa mhusika mdogo ndani ya nyumba ya watu wasiojulikana, na nyumba hiyo haikuhitaji ukuu wake. Ilihitaji mtu wa kutibu mifugo.

George R. R. Martin naye alifanya jambo linalokaribiana na hili. Mwaka 1998, katika mkusanyiko mmoja ulioitwa Legends, alichapisha hadithi ya Dunk, askari wa farasi asiye na bwana, na Egg, mtoto aliyenyolewa kichwa, miongo mingi kabla ya matukio ya riwaya zake kubwa za A Song of Ice and Fire. Katika mkusanyiko huohuo ndimo ilimotoka kwanza Dragonfly ya Le Guin, inayofunga Tales from Earthsea. Baadaye, katika riwaya ya Martin ya mwaka 2005, mzee Aemon, kaka mkubwa wa Egg, akiwa anakata roho anamwita Egg. Aliyeisoma ile hadithi anashikwa na uchungu ambao msomaji wa riwaya peke yake hawezi kuupata, ingawa sentensi ni ileile.

Nawafikiria pia wenzetu wanaoandika riwaya za vipande kwenye Facebook na makundi ya WhatsApp, zile za kumalizia na "itaendelea". Wasomaji wao huuliza sana kuhusu wahusika waliopita haraka, yule mlinzi, yule shangazi wa sura ya tatu. Wengi hujibu kwa kumrudisha mhusika amsaidie shujaa. Ningependa kuona mmoja akithubutu kumfuata shangazi hadi kwake na kumsahau shujaa kwa vipande vitatu.

Wapo ambao Le Guin hakuwarudia, na mmoja ninamtaka mpaka leo. Katika riwaya ya kwanza Ged anapata ajali baharini na kutupwa kwenye kijisiwa cha mchanga wanakoishi kaka na dada, wazee, waliotelekezwa hapo tangu utotoni na karibu wamesahau lugha. Bibi yule anamwonyesha gauni la hariri la mtoto lililotariziwa kwa lulu ndogo, kisha anampa kipande cha pete iliyovunjika. Katika riwaya ya pili tunajifunza kwamba walikuwa watoto wa ukoo wa kifalme, na kwamba kipande kile ni nusu ya pete iliyotafutwa kwa vizazi. Pete ikapata riwaya nzima. Bibi hakupata hata kurasa kumi. Alilihifadhi gauni lile miaka yote hiyo kwenye mchanga na chumvi, bila kujua alikuwa binti wa nani, na ningeisoma hadithi yake kabla ya mwendelezo wowote wa mfululizo wowote ninaousubiri sasa.