Mashindano ya vyombo vya anga: mshindi mmoja hatoshi

Tarehe 4 Oktoba 2004, juu ya jangwa la Mojave huko California, rubani Brian Binnie alikipandisha chombo cha SpaceShipOne kupita kimo cha kilomita 100, na kampuni ya Scaled Composites ikatwaa tuzo ya Ansari X Prize ya dola milioni 10. Timu 26 ziliiwania tuzo hiyo, iliyotaka chombo kisichogharimiwa na serikali, chenye uwezo wa kubeba watu watatu, kifike kimo hicho mara mbili katika muda wa wiki mbili.

Watetezi wa mashindano ya namna hii wana hoja nzito, kwani tuzo hulipa matokeo na haigharimii ahadi. Mhandisi Burt Rutan, aliyekisanifu SpaceShipOne, akiungwa mkono kwa fedha za Paul Allen, mwanzilishi mwenza wa Microsoft, alipata uhuru wa kujaribu mkia unaoinuka juu ili kupunguza mwendo wa chombo kinaporejea, na ubunifu huo unastahili heshima yote unayopewa.

Lakini tuzo hupima kile tu ilichokitaja. SpaceShipOne ilihitaji takriban mara tatu ya kasi ya sauti, ilhali kuizunguka dunia kunadai kilomita 28,000 hivi kwa saa. Usalama wa safari za baadaye nao haukuwa sehemu ya masharti. Mwaka 2014 chombo kilichorithi muundo ule, SpaceShipTwo, kilivunjika angani na rubani msaidizi akafariki, baada ya kufuli ya mkia kufunguliwa mapema mno. Wachunguzi walibaini kwamba waliokisanifu hawakuweka kinga dhidi ya kosa moja la mwanadamu. Siilaumu tuzo kwa kifo hicho. Ninachosema ni kwamba kinga ya aina hiyo hujengwa kwa miaka ya majaribio, nayo inahitaji mteja mwenye subira, anayekagua na kulipa hatua kwa hatua.

Mwaka huohuo NASA, shirika la anga la Marekani, iliingia mikataba ya kupeleka wanaanga kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga na kampuni za Boeing kwa dola bilioni 4.2 na SpaceX kwa bilioni 2.6, na wapo walioona kulipa kampuni mbili kwa kazi moja ni ubadhirifu. Mwaka 2024 chombo cha Boeing, Starliner, kilipata hitilafu za injini ndogo na kuvuja kwa heliamu, kikarudishwa bila watu. Wanaanga waliokwenda nacho, Butch Wilmore na Suni Williams, waliteremka Machi 2025 ndani ya Dragon, chombo cha SpaceX. Kwangu mimi, faida kuu ya ushindani ni kuwapo kwa chombo cha pili siku ambayo cha kwanza hakiaminiki.

Faida hiyo sasa imo hatarini. Bei isiyobadilika ya mikataba hiyo, iliyoilinda hazina ya umma, imeitia Boeing hasara ya zaidi ya dola bilioni 2, na kampuni hiyo ikijitoa, safari za wanaanga kwenda kituo hicho zitabaki na chombo kimoja cha Marekani, karibu na hali iliyokuwapo baada ya 2011, wanaanga wa Marekani walipotegemea chombo cha Urusi, Soyuz, pekee.