Kuchemka kwa nyuzi 80 hakutoshi kukipa kimiminika jina

Chupa haina lebo, ndani mna kimiminika cha ogania (chenye kaboni) kisicho na rangi. Mwanafunzi anakichemsha, kipimajoto kinasoma nyuzi 80, anafungua jedwali la nyuzi za mchemko na kuandika: benzini. Kosa hilo ndilo linalowapa nguvu wanaosema sifa za kimaumbile, kama mchemko na densiti, zimepitwa na wakati, tukimbilie moja kwa moja mashine za spektra, zinazosoma jinsi kitu kinavyofyonza mnururisho. Sikubaliani nao kikamilifu.

Ni kweli eneo hilo la karibu na nyuzi 80 limesongamana. Ethili asetati huchemka kwenye 77.1, ethanoli 78.3, benzini 80.1, sikloheksani 80.7, isopropanoli karibu 82.4. Lakini dondosha matone machache majini. Ethanoli na isopropanoli zinayeyukia humo zisionekane tena. Benzini na sikloheksani zinaelea. Pima densiti, yaani uzito kwa ujazo: benzini ni gramu 0.88 kwa mililita, sikloheksani 0.78, tofauti ambayo pipeti na mizani ya kawaida vinaiona. Alkoholi zile mbili, ethanoli na isopropanoli, zinakaribiana mno kwa densiti (0.789 na 0.785), ila refraktomita inazitenganisha bila taabu kwa jinsi zinavyopinda nuru: 1.361 dhidi ya 1.377.

Hata mchemko wenyewe unapimika kwa matone tu. Kineli chembamba kilichozibwa juu kinazamishwa, mdomo chini, katika kimiminika kilichofungwa kando ya kipimajoto. Pasha polepole mpaka vipovu vitoke mfululizo kama shanga kwenye uzi, kisha ondoa moto. Vipovu vinapungua, vinakoma, na ghafla kimiminika kinapanda ndani ya kineli. Soma joto hapo hapo: kanieneo (msukumo) ya mvuke imelingana na ya hewa.

Na hapo hapo ndipo udhaifu ulipo, maana hewa hailingani kila mahali. Kwenye mwinuko wa mita 1500 benzini huchemka takribani nyuzi 6 chini ya namba ya jedwali, na asiyesahihisha ataitafuta kwenye mstari usio wake. Michanganyiko nayo hudanganya. Ethanoli yenye asilimia 4.4 ya maji kwa uzito huchemka kwa utulivu kwenye 78.2, sawasawa kama kitu safi. Inayoifichua ni densiti, iliyopanda hadi 0.80.

Hoja nzito kuliko zote dhidi ya njia hii ni kwamba jedwali hutaja kilichomo tu. Kama kimiminika chako hakimo, utakipa jina la jirani yake.

Kwa hiyo nazitegemea namba hizi zaidi katika kukataa kuliko kuthibitisha. Densiti ya 0.78 inaiondoa benzini papo hapo, 0.88 inasema tu kwamba bado haijaondolewa. Kabla ya kuandika lebo ningedai spektra ya infraredi au jaribio la kikemia, hasa kwa benzini, ambayo husababisha saratani. Ila anayeruka vipimo hivi ananyimwa dalili ya haraka ya usafi: kimiminika kinachochemka kuanzia 76 hadi 84 huenda si kitu kimoja, na spektra yake itakuwa ya vitu vilivyopandiana.

Tena, namba iandikwe na masharti yake. “Nyuzi 80.1 kwa milimita 760 za zebaki”, yaani kanieneo ya kawaida ya hewa kwenye usawa wa bahari, inaweza kulinganishwa na jedwali, “nyuzi 80” pekee haiwezi.