Pundamilia Aliyeanguka Kutoka Juu

Mke wangu aligundua siri yangu asubuhi moja akipiga pasi sare ya mtoto. Shati jeupe la shule likatoka na mstari mweusi mgongoni, umenata kama lami. Akalitazama shati, akaigeuza pasi akaitazama tumboni, kisha akanitazama mimi.

"Baba, hii pasi umepigia nini?"

Nilikuwa nimeipigia ndege.

Nieleze kabla sijahukumiwa. Ni ndege ya rimoti, ya kuunda mwenyewe kwa vijiti vya balsa, ule mti mwepesi wa Ecuador ambao shemeji yangu aliyeko Ujerumani aliniletea umesokomezwa sandukuni katikati ya majaketi. Mifupa ikishakamilika huvikwa karatasi ya plastiki nyembamba yenye gundi upande mmoja. Unaipitishia pasi ya moto, inanata, halafu inajikaza yenyewe mpaka ukiligonga bawa kwa kucha linalia kama kingoma. Ni raha ambayo siwezi kuieleza kwa mtu aliyeshika shati la shule lenye lami.

Wanaoanza mchezo huu hushauriwa wachague kitu chepesi chepesi. Mimi mtu wa Arusha nikataka Dornier Do 27 ya akina Grzimek, ile ambayo Bernhard Grzimek, Mjerumani mtaalamu wa wanyama, na mwanawe Michael waliitoa Frankfurt wakaja nayo kuhesabu wanyama wa Serengeti, imechorwa milia kama pundamilia. Namba yake ilikuwa D-ENTE, na shemeji akaniambia Ente kwa Kijerumani ni bata. Pundamilia aitwaye Bata! Roho yangu ikaangukia hapo hapo. Michael alifia ndani ya ndege hiyo tarehe 10 Januari 1959 baada ya kugongana na tumbusi angani, na kaburi lake liko ukingoni mwa bonde la Ngorongoro. Kwa hiyo nilijiapiza kwamba kazi yangu haitakuwa ya kubabaisha.

Bawa la ndege halisi ni mita 12 toka ncha hadi ncha. Nikagawa kwa 8, nikapata mita moja na nusu, upana wa kitanda cha watu wawili, na kweli kitandani ndiko ilikolala siku ambazo mvua ilivuja sebuleni. Mifupa ilinichukua miezi miwili. Milia ikanichukua mitatu. Unakata plastiki nyeusi kwa wembe, mstari mmoja mmoja, na milia ya pundamilia haifanani kushoto na kulia, kwa hiyo huwezi kukata miwili miwili ukadanganya. Picha za zamani nilizokuwa nazo zilionyesha ubavu na mgongo. Tumbo halikuonekana. Mwenye akili angeliacha jeupe. Mimi nikachora na tumbo.

Shemeji akaniona kwenye simu ya video. "Chini ya bawa weka nyekundu."

"Ya Grzimek haikuwa na nyekundu."

"Ya Grzimek ilikuwa na rubani ndani."

Nikamwona mshamba.

Milia yote ile ilikuwa na uzito, na mkia ukashuka. Ndege ya namna hii ukiinyanyua kwa vidole viwili, karibu theluthi moja nyuma ya ukingo wa mbele wa bawa, lazima itulie sawa kama mizani. Yangu ilikaa kitako kama mbwa. Nikaenda kwa fundi tairi kuomba vile virisasi vya kubalansia magurudumu nikaviweke puani. Akauliza gari gani. Nikasema ndege. Akanipa vipande sita na hela akakataa, nadhani kwa huruma.

Jumamosi nikamchukua kijana wa bodaboda anayenibeba siku zote, tukateremka uwandani chini ya Monduli, mbali na kiwanja cha ndege na mbali na watu. Nikajaribu usukani: kulia kulia, kushoto kushoto. Nikafungua mota. Bata akakimbia hatua kumi, akainuka.

Wallahi, nilitokwa machozi. Ilipita mbele yetu na milia yake, jua likiichoma ubavuni, na kwa dakika nzima nilikuwa Mjerumani ninayehesabu nyumbu.

Kisha ikafika mbali, na nikagundua kwamba sioni ndege. Naona milia. Inacheza cheza huko juu, haina mgongo wala tumbo, haina mbele wala nyuma. Na ndege ikikuelekea, kulia kwake ni kushoto kwako, hivyo kujua inakwenda au inakuja ndiyo kazi nzima.

"Inakuja?" nikamuuliza kijana.

"Inakuja, mzee!"

Nikakata kushoto.

"Aa, samahani, ilikuwa inaondoka. Sasa ndiyo inakuja. Ila nadhani imelala chali."

Nikavuta usukani ili ipande. Na ndege iliyolala chali ukiivuta ipande, inakwenda chini. Iliangukia katikati ya punda waliobeba madumu ya maji. Punda wakatawanyika, madumu yakapasuka, na layoni, yaani mvulana wa Kimasai, aliyekuwa akiwachunga akaja na fimbo yake bila haraka, akanisalimia vizuri, akasema shilingi elfu kumi na tano. Nikalipa.

Tulifunga mabaki kwa kanga nyuma ya pikipiki. Upepo ukafunua pembe moja ya kanga, na kwenye kizuizi barabarani askari akainua mkono. Alichokiona ni ubavu wa milia na kitu chekundu kinachodondoka. Ulikuwa waya wa betri.

"Hizi ni nyara za serikali. Huyu pundamilia mmemuua wapi?"

"Hatujamuua, afande. Ameanguka."

"Ameanguka kutoka wapi?"

"Kutoka juu."

Akanitazama kwa muda mrefu. Akaigusa ile ngozi kwa kidole, akaigonga, ikalia kama kingoma. Halafu akamgeukia kijana wa bodaboda.

"Wewe ndiye dereva? Hebu nihemee hapa."