Ukifika ugenini, uliza watu wanaishi kwa kazi gani

Msafiri akishuka kwenye basi huuliza mambo mawili: pa kula na pa kupiga picha. Mimi natamani tuongeze la tatu: watu wa hapa wanapata wapi riziki yao? Na la nne, ambalo wenyeji hawajazoea kuulizwa: taka zenu zinakwenda wapi?

Chukua Cancale, kaskazini-magharibi mwa Ufaransa. Anayepita haraka ataona ghuba nzuri, basi. Anayengoja maji yapwe ndiye atakayeona mashamba: safu kwa safu za meza za chuma, na juu yake mifuko ya wavu iliyojaa chaza, wale viumbe wa baharini wenye makombe wanaoliwa. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa huko hufika takriban mita 14, kwa hiyo mfugaji wa chaza hupangiwa ratiba na bahari. Maji yakitoka alfajiri, naye yumo topeni alfajiri. Mifuko lazima igeuzwe na kutikiswa kila mara, la sivyo mwani huziba matundu, maji hayapiti vizuri, na chaza hushikamana wakakua wamepinda. Ni kazi ya mgongo na mikono, na huchukua kama miaka 3 kabla chaza hawajafaa kuuzwa. Hayo yote huyaoni kwenye sahani.

Ukidadisi zaidi utaambiwa kwamba chaza wengi wanaofugwa Ufaransa leo asili yao ni Japani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ugonjwa uliwafyeka waliokuwa wakiitwa chaza wa Kireno, ndipo wafugaji wakaagiza wa Kijapani ili wasifunge kazi. Mnara gani wa kale ungekufundisha hilo?

Huko huko Japani kuna Kamikatsu, mji mdogo wa milimani ambao mwaka 2003 ulitangaza nia ya kuondokana kabisa na taka. Wakazi huosha chupa na makopo, huzipeleka taka kituoni wenyewe, na kuzitenganisha katika makundi yapatayo 45. Kinachonigusa zaidi ni vibao vilivyowekwa penye mapipa: vinaeleza kitu kinapelekwa wapi, kitageuzwa kuwa nini, na kinaugharimu mji kiasi gani au kinauingizia kiasi gani. Mtu anayesoma kibao kile kila mara hawezi kusema hajui taka zake zinaishia wapi. Sisi wengine tunajua mwisho wa pipa tu.

Sizungumzii zile ziara za kiwandani zinazokupitisha mbiombio hadi dukani. Nazungumzia kwenda saa za kazi na kusikiliza. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, lipa kiingilio kama kipo, na mtu akikwambia anawahi maji hayajajaa, mpishe.

Mashamba ya chaza yana wageni wengi tayari. Vituo vya urejelezaji havina, na ndiyo maana ningeanzia huko; ulizia tu wanapokea wageni siku gani.